Takwimu za hali ya hewa: ziuzwe au zitolewe bure?

Wadau, hoja hii ikiibuka hawakosekani wa kusema: vituo vya hali ya hewa vina gharama, kwa hiyo anayetaka rekodi za mvua za miaka 30 alipie. Napinga, na wala sitasema "habari ni haki ya kila mtu", maana kauli hiyo haijawahi kumtikisa mhasibu.

Nianze na fedha. Kipima mvua kilinunuliwa kwa kodi, na anayekisoma kila asubuhi analipwa kwa kodi. Kumuuzia raia vipimo hivyo ni kumtoza mara mbili. Na bei hufukuza watumiaji: picha za ardhi zinazopigwa na Landsat, setilaiti za Marekani, ziliuzwa miaka mingi, moja kwa mamia ya dola. Marekani ilipoziachia bure mwaka 2008, picha zilizochukuliwa na watumiaji kwa siku zikapanda kutoka makumi hadi maelfu. Setilaiti ni zilezile!

Tena nchi wanachama wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani zilishakubaliana tangu 1995 kupeana vipimo vya msingi bila malipo, na mwaka 2021 zikapanua makubaliano hayo. Ajabu ni kwamba nchi jirani inapata bure kile ambacho raia mwenyewe anaambiwa aandike barua na kulipia.

Ila kuna jambo linalonikera upande wangu pia. Kitu kuwekwa wazi si kumfikia kila mtu. Mlanguzi wa nafaka mwenye kompyuta huziona dalili za ukame mapema, akawahi kwa mkulima na kununua akiba yake kwa bei ya kutupa. Bima nayo: ramani ya mafuriko ikishakuwa wazi, wa bondeni anapandishiwa ada au anakataliwa kabisa. Kwa hiyo "bure" bila redio, bila maofisa ugani, bila lugha anayoielewa mkulima, inamnufaisha aliyekwisha kushiba.

Pendekezo langu: vipimo ghafi viwe bure, mamlaka ziuze huduma maalumu. Mashirika ya ndege tayari hulipia utabiri wao kupitia tozo. Kampuni za mafuta na za umeme zifanye vivyo hivyo.

Anayetetea kuuza anijibu hili: mtu akijenga bondeni kwa kuwa rekodi za mafuriko zilifungiwa kabatini zikisubiri mnunuzi, hasara yake anabeba nani?