Kijiji kuwa kituo cha ndege ya wagonjwa ya hisani: kiwanja, mgonjwa na michango

KatibuKamati

Wakuu, habari zenu. Kijiji chetu kimekubaliana na shirika la hisani linalosafirisha wagonjwa kwa ndege. Wakiitwa watakuja na helikopta au ndege ndogo ya injini moja, kutegemea ipi iko tayari. Kwa gari, hospitali yenye upasuaji ni mwendo wa saa tano, na zaidi mvua ikinyesha.

Tuna uwanja wa mpira, na pembeni yake kipande cha udongo kilichonyooka, mita 900, ambacho zamani ndege zilitua. Tuko mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na mchana joto hufika nyuzi 27. Zahanati ina mganga mmoja na wauguzi wawili.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie: viwanja viandaliwe vipi? Mgonjwa awe tayari kwa namna gani kabla ndege haijafika? Na michango ya wananchi ielekezwe wapi? Wengi wanataka tufanye changizo moja kubwa tununue kifaa cha kuwekwa ndani ya ndege.

---

Mshika_Usukani

Katibu, nianze na helikopta, ndiyo rahisi.

Kwa mchana tenga mraba wa mita 30 kwa 30. Kwa usiku urefu uwe mara mbili, 30 kwa 60. Ardhi iwe ngumu, na mteremko usizidi nyuzi 5. Uwanja wa mpira unatosha kabisa, ila nyavu za magoli zitolewe na eneo la mbele ya goli liangaliwe, maana hapo nyasi zimeisha na vumbi ndipo lilipo. Helikopta ikikaribia chini, upepo wa mapanga yake huinua vumbi lote kwa mpigo, na rubani hupoteza ardhi machoni akiwa amebakiza mita chache tu. Mwagieni maji nusu saa kabla, yanywe vizuri. Kunyunyiza juu juu hakusaidii, tabaka la chini litapeperuka vilevile.

Hatari namba moja ni nyaya. Nguzo rubani anaiona, waya hauoni. Chora ramani ya mkono yenye kila waya ndani ya mita 200, pamoja na ule mwembamba wa simu na kamba za kuanikia, uwatumie shirika mapema. Siku ya tukio mwenye simu ya upepo arudie kwa sauti: "waya upande wa mashariki, unatoka kaskazini kwenda kusini." Asiseme "kuna waya hapa."

Chochote chepesi kiondolewe au kifungwe: mabati yaliyolegea, maturubai, magodoro, mifuko ya plastiki, kofia za watu. Watu wakae mita 50 au zaidi, na watoto washikwe mkono. Msitandike shuka jeupe kama alama, likinyanyuliwa na upepo litaingia kwenye mapanga. Mtu mmoja asimame mwisho wa uwanja, upepo ukimpiga mgongoni, mikono juu. Rubani atajua upepo unatoka wapi.

Hakuna kusogea hadi rubani au mhudumu wake aite kwa mkono. Njia ni ya mbele tu, machoni pa rubani. Panga la mkiani likizunguka halionekani, na liko usawa wa kichwa au kifua. Kama helikopta imekaa kwenye mteremko, ijieni kutoka chini ya mteremko, kwa sababu upande wa juu mapanga huwa karibu na ardhi. Msikimbilie pia pale injini inapozimwa: mapanga yakipunguza mwendo hulegea na kushuka, na upepo kidogo tu huyainamisha zaidi.

Sasa njia ya ndege. Mita 900 zinasikika nyingi, lakini tupige hesabu. Chukulia ndege inayohitaji mita 500 kupaa ikiwa usawa wa bahari, nyuzi 15, sakafu ngumu. Kanuni ya kukadiria kwa ndege ndogo ni kuongeza asilimia 10 kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa mita 1,200 unafika 732. Kisha asilimia 10 kwa kila nyuzi 10 zinazozidi joto la kawaida la mwinuko huo, ambalo ni nyuzi 7 hivi. Kwa nyuzi 27 unafika 886. Nyasi kavu, hata zile za urefu wa sentimita 20 tu, huongeza asilimia 20: mita 1,063. Njia imekwisha, na bado hujaweka akiba. Udongo ukiwa laini badala ya nyasi, ongeza angalau asilimia 25.

Kwa hiyo fyekeni hadi chini, na kama ardhi ipo refusheni hadi mita 1,200. Hiyo ndiyo 886 pamoja na akiba ya theluthi moja. Ndege yenyewe ina kitabu chake na shirika ndilo litakaloamua, lakini mkiwa na hesabu hii mtaelewa kwa nini rubani anaweza kukubali alfajiri na kukataa saa nane mchana.

Kupima ulaini wa njia: gari lenye springi ngumu lipite urefu wote kwa kilomita 75 kwa saa. Kama aliyekaa ndani anarushwarushwa, njia haifai. Vichuguu vichimbwe hadi kiini, kwa sababu ukikata juu tu vitarudi baada ya mvua. Mashimo ya wanyama yajazwe kwa tabaka na kushindiliwa kila tabaka. Na kabla ya kila kutua gari lipite njia nzima kufukuza mifugo, kisha watu wabaki kila upande hadi magurudumu yasimame. Mbuzi hurudi dakika mbili baada ya gari kupita.

---

MuuguziWaAnga

Nakubaliana na yote ya juu. Naongeza la namba za GPS, maana hapo ndege hupotea kwa jambo dogo sana. Digrii na dakika si sawa na digrii zenye desimali. Ukiwa na digrii 3 dakika 24.5 na mwenzako akaandika 3.245, umempeleka kilomita 18 pembeni. Namba sahihi ni 3.4083. Kubalianeni na shirika muundo mmoja, mwandike kwa rangi kwenye ukuta wa zahanati, kiwanja cha helikopta na njia ya ndege kila kimoja na namba zake. Anayepiga simu asome ukuta, asisome simu yake.

Kuhusu mgonjwa. Tajeni haya kwa simu: umri, uzito, kilichotokea na saa ngapi, fahamu, mapigo, presha, kupumua, oksijeni, dawa alizopewa. Uzito si urasimu. Uzito wa mgonjwa, machela na mafuta ndio unaoamua kama kuna nafasi ya ndugu, na mara nyingi haipo. Familia iambiwe mapema, wasije wakabishana na wahudumu mlangoni. Na mpige simu mapema, hata kabla hamjawa na uhakika. Safari inaweza kughairiwa, saa moja iliyopotea hairudishwi.

Ndege ikipaa juu sana, hewa ya ndani hulingana na mwinuko wa mita 2,400 hivi hata kama imezibwa vizuri. Ikilinganishwa na usawa wa bahari, hewa iliyonaswa mwilini hutanuka karibu theluthi moja. Ndiyo maana mwenye hewa kifuani nje ya pafu awekewe mrija kabla ya safari. Kama zahanati haiwezi, semeni kwenye simu ili daktari aje na vifaa na auweke hapo chini. Mwenye utumbo ulioziba awekewe mpira wa puani kwenda tumboni, uachwe wazi. Hogo jipya (plasta ngumu ya mfupa uliovunjika) lipasuliwe kwa urefu pande zote mbili hadi kwenye pamba, lifungwe kwa bandeji, kwa sababu mguu huvimba na hewa iliyonaswa ndani ya plasta hutanuka.

Dripu ziwe za mifuko ya plastiki, chupa za kioo hapana. Wekeni njia mbili za mshipa na mzifunge kwelikweli, maana kutoboa mshipa ndani ya ndege inayotikisika ni kazi ngumu. Mfuko wa mkojo umwagwe. Mgonjwa aliyechanganyikiwa na kupigana lazima atajwe kwenye simu, asionekane kwa mara ya kwanza mlangoni. Akishika kitu kule mbele, wote wamo hatarini.

Oksijeni: lita 10 kwa dakika ni lita 600 kwa saa. Mtungi wa lita 680 utaisha kwa dakika 68. Hesabuni muda wa kusubiri ndege, ongezeni nusu, kwa sababu hali ya hewa huchelewesha. Ndege ina mitungi yake, ila ya kusubiri ni yenu.

Karatasi moja iandamane naye: dawa, dozi, saa. Mama mwenye uchungu apimwe njia tena dakika chache kabla ya kupanda. Kama anakaribia kabisa kujifungua, ni salama zaidi ajifungulie zahanati huku wahudumu wa ndege wakiwa pembeni.

---

Mweka_Hazina

La michango nalijibu mimi, na samahani kama nitavunja matumaini ya wengi: acheni kile kifaa.

Gharama za huduma hii ziko za aina mbili. Zipo zinazolipwa ndege iruke isiruke: mishahara ya marubani na wauguzi wa zamu, bima, hanga (banda la ndege), mafunzo, na matengenezo yanayofuata kalenda. Halafu zipo za kila saa ya kuruka: mafuta, na akiba ya kubadilisha injini na vipuri vyenye ukomo wa saa. Zamu ya saa 24 haiendeshwi na rubani mmoja, inataka kadhaa, kwa sababu sheria huwawekea ukomo wa saa za kazi. Wafadhili wanapenda kununua kitu cha kupigia picha. Kinacholifunga shirika ni mwezi usio na mshahara.

Ahadi ndogo ya kila mwezi kutoka kaya nyingi ina thamani kuliko changizo kubwa la mara moja, hata jumla ikiwa sawa, kwa sababu shirika linaweza kuajiri kwa kutegemea ahadi. Uingereza, huduma ya aina hii kwa helikopta ilianza kwa mara ya kwanza huko Cornwall, kusini magharibi mwa nchi, mwaka 1987, na leo mashirika mengi ya huko hutegemea bahati nasibu za kila wiki na maduka ya vitu vilivyotumika. Fedha ndogo ndogo, lakini inayorudi.

Kifaa kina tatizo jingine. Hakiwezi tu kupachikwa ndani ya ndege. Lazima kiidhinishwe kwa ndege, kifungwe mahali pake, kihesabiwe kwenye uzito, kiwe na betri na fundi. Kikitolewa bila kuulizwa kinabaki kabatini. Na mkiandika "fedha hii ni ya kifaa fulani tu", shirika halina ruhusa ya kuigusa hata mafuta yakiisha. Andikeni "kwa uendeshaji", kisha mdai hesabu zilizokaguliwa kila mwaka. Hiyo ni haki yenu.

Kwenu wenyewe: watu watatu tofauti, mmoja anapokea, mmoja anaandika, mmoja anapeleka benki. Risiti kwa kila mchango hata mdogo. Na tenga sehemu ibaki kijijini kwa ajili ya kiwanja: kufyeka, mfuko wa upepo (unamwonyesha rubani upepo unakotoka; jua huuchakaza, muwe na wa akiba), betri za simu ya upepo. Kiwanja kisichofyekwa hakina ndege, hata muwe mmechanga kiasi gani.

---

KatibuKamati

Asanteni sana wakuu. Nimeshaanza kuandika kwa ajili ya mkutano. Swali la mwisho: usiku je? Wazee wanasema zamani waliwasha mioto pembezoni mwa njia.

---

Mshika_Usukani

Kwanza ulizeni shirika kama wanatua usiku kwenye njia isiyo na taa. Wengine hawafanyi hivyo kabisa, na jibu hilo liheshimiwe.

Wakikubali, njia ya wazee ina msingi. Huduma ya madaktari warukao ya Australia, iliyoanzishwa na John Flynn mwaka 1928, imetumia sana makopo ya bati yenye karatasi ya chooni iliyolowekwa dizeli. Roli nzima huingia ndani ya kopo, inanyonya mafuta na kuwaka taratibu kama utambi. Ni dizeli, si petroli; petroli hulipuka usoni mwa anayewasha. Wekeni mchanga chini ya kopo lisipinduke. Nafasi kati ya kopo na kopo isizidi mita 90. Kwa mita 1,200 mnahitaji makopo 15 kila upande, jumla 30, na watu wanne wa kuwasha kwa mfuatano. Fyekeni nyasi kuzunguka kila kopo. Siku hizi taa za sola za kuchomeka ardhini zinafanya kazi hiyo bila moto, nazo zichajiwe kila wiki, si siku ya dharura.

Lakini sikieni: makopo ni kwa ndege ya mabawa pekee. Kwa helikopta hakuna moto wowote wazi, upepo wake utautawanya uwanja mzima. Hapo tumieni magari mawili kwenye kona mbili za uwanja, taa zikiwa chini na zimeelekezwa katikati ya mraba. Msimmulike rubani, wala tochi ya simu, wala mwanga wa kamera. Akiwaambia zimeni, zimeni papo hapo.

---

MuuguziWaAnga

Na fanyeni zoezi moja la usiku bila ndege: mpiga simu, mtu wa dripu, wabeba machela wanne, wa kuzuia watu ukingoni mwa kiwanja. Pimeni muda kutoka zahanati hadi ukingoni mwa kiwanja. Machela inaweza kuwa pana kuliko mlango au geti, na hilo ni bora mligundue kabla.