Hilux ya injini ya dizeli 3L, klachi haiachii: mipira, pampu mpya, au nishushe giaboksi?

Viazi_Makambako: Habari wakuu. Pedali ya klachi inazama mpaka chini. Injini ikiunguruma, gia ya kwanza na rivasi zinagoma. Nikizima zinaingia laini. Nikipampu pedali mara kadhaa inapanda kidogo. Fundi mmoja anataka kushusha giaboksi abadilishe diski, mwingine anasema kubadilisha mipira ya ndani ya pampu za klachi inatosha, wa tatu anataka pampu mpya zote mbili, ya juu kwenye pedali na ya chini kwenye giaboksi. Nimsikilize nani?

Fundi_Uyole: Mkuu, giaboksi isiguswe kwanza. Diski ikiisha klachi inateleza: injini inapiga kelele, gari halivuti mlimani, harufu ya kuungua inajaa. Yako haiachii, huo ni ugonjwa mwingine. Pedali inayopanda ukiipampu ni dalili ya upepo kwenye mafuta au mpira wa ndani unaopitisha. Mtu akanyage, wewe lala chini utazame kijiti cha pampu ya chini kinavyosukuma uma, ule mkono unaoachisha klachi. Kikitoka kidogo tu, shida iko kwenye mafuta na pampu. Kikitoka chote na gia bado zinagoma, hapo ndipo ushushe.

Dada_Spea: Mipira ni nafuu sana, ila uzima wake unategemea ukuta wa silinda ya pampu. Fungua, futa kwa kitambaa safi, pitisha ukucha ndani. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo au kutu, mpira mpya utaliwa upesi na hela yako imepotea. Pampu ya chini inapigwa na matope na maji, hiyo nunua nzima. Ya juu, kama ukuta unang'aa, weka mipira.

Mzee_Barabara: Hapo kwa ya juu natofautiana nawe dada. Gari la mzigo linalokwenda mashambani, mimi nabadilisha zote mbili kwa pamoja. Ya juu iliyochoka ikikufia njiani na viazi vimejaa, hasara yake inapita bei ya pampu. Na jamani, mafuta ya breki tu, DOT 3 au DOT 4. Ukimimina ya injini mipira inavimba yote. Kopo lililokaa wazi msitumie, yale mafuta yanavuta unyevu.

Viazi_Makambako: Asanteni sana. Kijiti kinatoka kidogo mno. Nimevuta buti ya mpira ya pampu ya chini, mafuta meusi yakachuruzika mkononi. Ndani, nyuma ya pedali, pakavu kabisa. Nanunua ya chini nzima. Ya juu naifungua nipitishe ukucha.

Fundi_Uyole: Umeipata. Kagua na paipu ya mpira inayoshuka: ikivimba mtu akikanyaga, itoe. Kwenye kutoa upepo, skrubu ya pampu ya chini ifunguliwe pedali ikiwa imekanyagwa, ifungwe kabla haijaachiwa, na kikopo cha mafuta cha juu kisikauke hata mara moja, la sivyo unaanza upya.