Land Rover 109 ya 1978 au Land Cruiser HZJ75 ya 1993, nichukue ipi?

Mlalo Kwetu: Habari za jioni wadau. Nina hela ya gari moja, nimepata mawili kama kichwa kinavyosema. Yote yanatembea. Naomba majibu mapema, wenyewe wananipigia simu.

Fundi Kombo: Mkuu, mbona hujasema kitu? Ya kazi gani? 109 ni petroli au dizeli? Bei je? Kadi zina majina ya wauzaji?

Mama Viazi: Na barabara ipi mwanangu, lami au udongo?

Mlalo Kwetu: Samahanini. Kabichi na viazi, Mlalo huku milimani Lushoto kushuka Mombo. Zote dizeli. Land Cruiser bei yake karibu mara tatu.

Dereva wa Zamani: Chukua 109. Bodi ni alumini, haipati kutu. Injini ya lita 2.25 inatumia mnyororo wa taimingi, ule wa kuzungusha valvu, si mkanda, na fundi yeyote kijijini anaifungua chini ya mti.

Fundi Kombo: Mzee wangu, bodi sawa, fremu je? Hiyo ni chuma, huoza kwa ndani. Lala chini na bisibisi, gonga fremu kuelekea nyuma. Ikizama, ondoka. Halafu ile dizeli ina nguvu za farasi 62 tu. Ukirudi na mbolea kutoka Mombo utapanda kwa gia ya pili.

Kijana wa Soni: HZJ75 ina injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, nguvu mara mbili. Naipenda mpaka leo. Ila sikiliza yaliyonikuta. Niliuziwa moja, muuzaji akaniapia mkanda wa taimingi ni mpya. Kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT, ya kukumbusha kubadili mkanda huo, huwaka kilomita 100,000 zikifika. Yangu haikuwaka, nikatulia. Wiki ya tatu napandisha na gunia tisa, nikasikia "tap", injini kimya. Gari likaanza kurudi nyuma. Utingo aliruka akasukuma jiwe chini ya tairi, mkono ukachubuka hadi kwenye kiwiko. Kufungua: mkanda umekatika, valvu zimegonga pistoni, zimepinda. Fundi akatoa dashibodi, balbu ya ile taa imechomolewa! Nilikaa miezi minne bila gari.

Mama Viazi: Pole sana baba. Utingo alipona?

Kijana wa Soni: Alipona mama, sasa anaendesha yeye.

Tanga Raha: 109 gia zake ngumu, gia ya kwanza na ya pili lazima ukanyage klachi mara mbili.

Dereva wa Zamani: Hiyo ni Series IIA, toleo la kabla ya hili. Series III, kuanzia 1971, gia zote za mbele zinaingia laini. Nimeendesha zote mbili.

Tanga Raha: Niliyofundishiwa iliandikwa Series III na ilikuwa inakwaruza.

Dereva wa Zamani: Basi ilibadilishwa gia boksi, au imechoka. Ilikuwa na grili ya plastiki kama Series III?

Mlalo Kwetu: Leo nimelala chini ya 109. Mbele bisibisi imegoma kabisa. Nyuma kumepakwa lami nzito, sikuweza kuona chuma.

Fundi Kombo: Lami ya lini? Ikwangue mkuu, mwenyewe awepo.

Tanga Raha: Grili sikumbuki, nitamuuliza kaka.