Napelekwa Gredi ya 1 kufundisha kusoma, na sikumbuki mimi mwenyewe nilijuaje kusoma

BintiMtongwe

Salaam aleikum wenzangu. Niko mwaka wa pili chuo cha ualimu, na muhula ujao naenda mazoezini upande wa Likoni. Nimepewa Gredi ya 1, Kiswahili na Kiingereza vyote juu yangu. Azimio la kazi nimeshaandika, maandalio ya wiki mbili yako tayari, malengo yamenyooka kama rula. Kinachoninyima usingizi ni kwamba kusoma najua, lakini kumfanya mtu ajue kusoma sijui kunaanzia wapi.

Wiki iliyopita niliomba nikae nyuma ya darasa siku tatu nitazame. Watoto 58. Mwalimu akigonga ubao, wote "ba be bi bo bu", mabati yanatetemeka. Nikafurahi. Wakati wa mapumziko nikamwita mmoja, nikamwandikia "bo" peke yake kwenye daftari. Akaanza, "ba... be... bi...", huku ananitazama usoni aone nitakubali ipi. Daftari hakuliangalia tena.

Mwingine nikamwambia aandike bibi. Akaandika BB, akaweka penseli chini, amemaliza. Usiku ndipo nilipoona kwamba hana kosa: kwenye Kiingereza herufi ile ameambiwa inaitwa "bii".

Aliyenileta hapa ni wa tatu. Kitabuni pameandikwa njaa. Akafuata kwa kidole, akasoma "ndaa". Mwalimu akamsahihisha mara tatu, mtoto akanyamaza, hakusoma tena siku hiyo. Na kwetu nyanya anasema ndaa, ndia, ndoo hapa, yaani njaa, njia, njoo hapa. Ningekuwa mimi mbele, na mkaguzi kakaa nyuma na fomu yake, ningefanyaje?

MwalimuMstaafu

Mwanangu, nimeshika darasa la kwanza miaka mingi, tangu halijaitwa gredi. Huyo wa ndaa amesoma, tena vizuri. Anayebahatisha hawezi kutoa ndaa kwenye herufi za njaa. Aliiona, maana ikamfika, akaitoa kwa ulimi wa nyanyake. Mwambie, "Vyema. Nyumbani twasema ndaa, kitabuni pameandikwa njaa. Nionyeshe j iko wapi." Basi, endelea na mwingine. Muyaka, malenga wa zamani, alitunga kwa Kimvita, lahaja yetu hii, hapa hapa Mombasa na hadi leo twamsoma, sembuse mtoto wa miaka sita.

Wimbo wa silabi hauna neno, ila usiishie kwenye wimbo. Kiswahili kimetupa bahati: irabu tano, kila moja na sauti yake, haigeuki. Mpe hizo tano, kisha m, k na t tu. Ana mama, kaka, kiti, mkate, toka, mtoto. Siku hiyo hiyo anasoma neno lenye maana. Ukisubiri mpaka umalize ba hadi za ndipo uanze maneno, watakuwa wameshachoka nawe. Halafu b na d usizilete wiki moja, zitawavuruga macho. Na ng'ombe na ngoma ziache kwanza mpaka wamezoea.

Silabi ziandike kwenye vifuniko vya soda, uzimwage mezani. Zikishachanganyika, wimbo hauwezi kumsaidia tena, lazima atazame.

Chumvi_Kidogo

Ila kabla ya kumwaga vifuniko, dada, pitia kwanza silabi zako zinaweza kuungana vipi. Mimi mazoezini niliweka ta, ko, ma, ti. Mtoto wa kwanza kunyanyua mkono aliunganisha ta na ko, akasoma kwa sauti kubwa, bila makosa. Mkaguzi alikuwepo. Somo likaishia hapo.

TichaKongowea

Mzee amesema kweli kuhusu ndaa, lakini niongeze la mtu aliye darasani sasa hivi: watoto 58 hutawasikia wote kwa siku, na wanaosoma kwa pamoja wanafichana. Kuna mtoto anafungua mdomo tu, sauti ni ya jirani. Andika majina watano kila siku, waje mmoja mmoja na kitabu, dakika moja moja, wengine wakiandika. Siku kumi na mbili za shule umewamaliza wote, unaanza tena. Mimi nafunika picha kwa kiganja. Nimewahi kufunika picha ya jogoo, mtoto aliyekuwa akisoma ukurasa ule kama maji akabaki kimya. Alikuwa anasoma picha.

La BB: kwenye kusoma taja sauti, usitaje jina la herufi. Kwa Kiingereza mimi natumia chaki ya buluu na nahamia upande wa pili wa ubao. Wakiona buluu wanajua a inaweza kubadilika. Ni kitu kidogo, lakini kimenisaidia kuliko semina zote.

Ustadh_Kisauni

Sikusikia mtu akilaumu madrasa, lakini najua litakuja, kwa hiyo nitangulie. Watoto wengi wa huku wanafika kwenu wameshaanza juzuu. Wanajua tayari kwamba alama inabeba sauti, hiyo ni nusu ya kazi. Ila Kiarabu kina irabu fupi tatu: fataha, kasra, dhumma. E na o hazimo. Ukimwona anaandika "kupi" akitaka kope, usimwite mzito. Mpe maneno mawili mawili ayasikie: pete na piti haitafaa, maana piti si neno, lakini choma na chuma, kula na kola, hayo anayajua. Tena kwetu anaanzia kulia. Wiki za kwanza mchoree kitone ukingo wa kushoto wa daftari, ajue pa kuanzia.

BintiMtongwe

Shukrani sana, mwalimu wangu, ustadh, na nyote. Jana nilirudi kule. Yule wa ndaa nilimwuliza j iko wapi. Akaigusa, akaniuliza, "Kwani kitabu chakaa wapi, hakisemi kama sisi?" Sikuwa na jibu la haraka. Nimwambie nini?

Vifuniko nimeshapata arubaini kwa muuza soda wa feri. Ta na ko nimezitia mifuko mbalimbali.