Mwalimu na mitandao ya kijamii: kujifunza kazi na kufundisha wanafunzi

Swali: Mwalimu wa hisabati

Walimu wenzangu, salamu kwenu nyote. Ninafundisha hisabati katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, na kwa kuwa ni mimi peke yangu ninayefundisha somo hilo shuleni kwetu, mitandao ya kijamii ndiyo imekuwa mahali pangu pa kukutana na walimu wa somo langu. Hata hivyo, makundi niliyojiunga nayo yamejaa salamu za asubuhi, matangazo ya mitihani inayouzwa, na maandalio ya masomo yanayosambazwa kutoka kundi moja hadi jingine bila mtu kueleza kama aliyatumia na yalimsaidia nini. Ninafungua simu nikiwa na jambo moja ninalotaka kulielewa, na ninaifunga nikiwa nimesoma mengi bila kulipata lile nililolitafuta.

Wakati huohuo, uongozi wa shule umeniomba nifungue kundi la WhatsApp la wanafunzi wangu, ambao wengi wana miaka 11 na 12, ili niwatumie mazoezi jioni. Naomba ushauri kwa yote mawili: mwalimu autumie vipi mtandao ili ajifunze kazi yake kwa kweli, na je, njia hiyohiyo inawafaa watoto wa umri huo?

Jibu la 1: Mkufunzi wa walimu

Mwalimu, ahsante kwa swali hili. Nitajibu sehemu ya kwanza tu, kwa sababu ndiyo ninayoifahamu vizuri zaidi.

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza kwamba habari mpya mara nyingi hutufikia kupitia watu tusiokuwa karibu nao sana, kwa kuwa wale tunaoshinda nao wanajua mengi ya yale tunayoyajua sisi wenyewe. Kundi la walimu mnaofahamiana linafaa kwa kutiana moyo na kupeana taarifa, lakini mkilitegemea peke yake kwa ujuzi mpya litawarudishia yaleyale. Ndiyo maana ningekushauri ubaki katika makundi mawili au matatu tu, kisha uwafuatilie walimu wa hisabati wa mahali pengine wanaoonyesha kazi ya darasani waziwazi. Alama ya reli (#), inayowekwa mbele ya neno ili ujumbe wote wenye neno hilo upatikane pamoja, ilipendekezwa kwenye Twitter (sasa X) mwaka 2007 kwa ajili ya kukusanya mazungumzo ya jambo moja, na walimu hawakuchelewa kuichukua: #edchat ilianza mwaka 2009 na ikawa mfano wa mijadala mingi ya walimu yenye mada na saa maalumu.

Lakini jambo lenye uzito kuliko mahali unapouliza ni namna unavyouliza. Ukiandika, «Naomba maandalio ya somo la sehemu», utapata mafaili. Ukiandika kwamba wanafunzi wako wanajumlisha 1/2 na 1/3 na kupata 2/5, kisha ukaweka picha ya kazi yenyewe bila jina la mtoto na kuuliza kwa nini wanafanya hivyo, utapata walimu wanaofikiri pamoja nawe. Mmoja atakwambia kwamba mtoto anaziona kiasi (namba ya juu) na asili (namba ya chini) kama namba nzima mbili zisizohusiana, hivyo anajumlisha za juu peke yake na za chini peke yake. Mwingine atakushauri kwamba kabla ya kufundisha kanuni ya asili ya pamoja, umwulize mtoto kipi ni kikubwa kati ya 1/2 na 2/5, kwa maana akishaona kwamba jumla yake ni ndogo kuliko namba aliyoanza nayo, ataanza mwenyewe kulitilia shaka jibu lake. Wa tatu atakuonyesha jinsi alivyotumia mstari wa namba. Katika mazungumzo ya namna hiyo unajifunza jinsi mtoto anavyofikiri, na hilo hakuna faili litakalokupa.

Kisha urudi useme ulichojaribu na kilichotokea. Walimu wengi huchukua ushauri na kunyamaza, na kwa kweli hilo linanihuzunisha, kwa sababu aliyekushauri hatajua kama shauri lake lilifaa, na anayekuja nyuma yako mwenye tatizo lilelile hatapata chochote.

Jibu la 2: Mwalimu wa lugha

Ninakubaliana na mkufunzi kuhusu namna ya kuuliza, ila naomba tusiwalaumu sana wanaosoma kimya. Jean Lave na Etienne Wenger, watafiti wa namna watu wanavyojifunza, katika kazi yao ya mwaka 1991, walionyesha kwamba mgeni katika kazi huanza pembezoni, akitazama na kufanya yaliyo madogo, na kwamba kuwa pembezoni ni sehemu halali ya kujifunza. Mwalimu aliyeajiriwa mwaka huu bado hana ujasiri wa kuweka kazi ya darasa lake mbele ya watu asiowajua, lakini anasoma, na kesho yake anafundisha tofauti. Hata yale maandalio yanayosambazwa huwa msaada kwa mwalimu mpya, mradi ayasome kwanza na kuyarekebisha yalingane na wanafunzi wake.

Jambo jingine ni kwamba mitandao huja na kuondoka. Ning, iliyokuwa na makundi mengi ya walimu, iliacha kutoa huduma ya bure mwaka 2010, na Google+ ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2019. Kila shauri lililokufaa linakili katika daftari au faili lako mwenyewe.

Jibu la 3: Mwalimu wa TEHAMA

Mimi nijibu sehemu ya pili. Ndugu mwalimu, naomba usilifungue kundi hilo kwa namna uliyoombwa.

Mitandao mingi mikubwa huweka miaka 13 kuwa umri wa chini wa kujiunga, na chanzo kikubwa cha namba hiyo ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayolinda taarifa za watoto walio chini ya umri huo. WhatsApp nayo inataka miaka 13. Mwalimu anayewaingiza watoto wa miaka 11 anawafundisha, bila kukusudia, kwamba masharti hayo hayana maana. Zaidi ya hapo, katika kundi la kawaida kila mwanachama anaona namba za simu za wenzake, na anaweza kumwandikia yeyote faraghani. Maneno ya kudhihaki yanayoanzia kwenye ujumbe wa faragha saa tatu usiku yanaingia darasani asubuhi, na mwalimu hana namna ya kujua yalikotoka.

Njia iliyo salama zaidi ni kuwaandikia wazazi. Tumia orodha ya matangazo au chaneli, ambamo wewe peke yako ndiwe unayetuma na wapokeaji hawaonani namba. Mzazi ndiye atakayeamua kumwonyesha mtoto, na wewe hutakuwa na mazungumzo ya faragha na mwanafunzi. Usitume picha ya mtoto wala alama zake. Na zoezi lolote unalolituma lipatikane pia kwa karatasi, kwa sababu palipo na simu moja kwa familia nzima, mtoto asiyeiona jioni hiyo hapaswi kuadhibiwa kesho yake.

Mwalimu wa hisabati

Nawashukuru sana, na mmenifungua macho hasa kuhusu namba za simu, jambo ambalo sikulifikiria. Nitamweleza mwalimu mkuu kwamba tuwaandikie wazazi. Swali moja limebaki: ninapoweka picha ya kazi ya mwanafunzi mbele ya walimu wengine, je, kufuta jina kunatosha?

Jibu la 4: Mkufunzi wa walimu

Mara nyingi hakutoshi, Mwalimu. Mwandiko hutambulika, jina la shule huonekana kwenye jalada au kwenye mhuri, na simu nyingine huhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa. Lililo rahisi ni kulinakili kosa hilo kwa mkono wako kwenye karatasi nyingine, hatua kwa hatua kama mtoto alivyoandika, kisha upige picha ya karatasi hiyo. Ukihitaji kuonyesha kazi yenyewe, kwa mfano mchoro ambao huwezi kuunakili sawasawa, pata ruhusa ya mzazi na ya shule kwanza, na umweleze mtoto pia kazi yake inakwenda kuonyeshwa kwa nani.

Jibu la 5: Mwalimu wa TEHAMA

Naongeza moja tu: hata kundi likiitwa la faragha, mwanachama yeyote anaweza kuipeleka picha hiyo nje, na ukiifuta upande wako, nakala aliyokwisha kuihifadhi inabaki kwake.