Miti imeanguka njiani baada ya dhoruba, nami nina panga tu: nianzie wapi?

Mwenye Njia ameuliza:

Habari zenu, ndugu. Dhoruba ya juzi usiku imetuangushia miti mitatu kwenye njia ya kuingia nyumbani. Mmoja ni mkubwa, umeng'oka na mizizi yake. Miwili ya wastani imeangukiana, na matawi yake yameshikana kiasi kwamba hata mtoto hapenyi. Sina msumeno wa injini. Nilicho nacho ni panga lenye ubapa wa sentimita 45, jembamba, ambalo siku zote nalitumia kufyekea majani.

Jana nilifanya kazi kwa saa mbili, na mambo mawili yakanishinda. Kila nilipopiga shina, panga liliingia kidogo likanasa, na kulichomoa kukanichosha kuliko kukata kwenyewe. La pili ndilo lililonitisha. Nilipiga tawi lisilozidi unene wa kifundo cha mkono, lililokuwa limelaliwa na shina na kupinda kama upinde; kabla sijashusha pigo la pili lilikatika kwa kishindo, likaruka na kunipiga juu ya kiwiko cha mkono wa kushoto. Mkono umevimba, ingawa vidole vyote vinakunjika. Naomba mnieleze kama panga linafaa kweli kwa kazi hii, na tawi la namna ile hukatwaje.

Fundi Mpini amejibu:

Pole sana, ndugu yangu. Mkono ukianza kufa ganzi au ukishindwa kushika kitu, nenda ukaonane na daktari leo hii, kwa sababu pigo la namna hiyo huweza kuvunja mfupa bila kuchana ngozi.

Kabla ya panga, tazama waya. Ikiwa kuna waya wa umeme uliokatika au uliolaliwa na tawi lolote kati ya hayo, kaa mbali nao mita 10 au zaidi, uuhesabu kuwa una umeme hata kama nyumba zote ziko gizani, na uwaite wenye umeme wao. Ardhi iliyolowa na mti mbichi vyote hupitisha umeme. Hapo hakuna ufundi wa kukata utakaokuokoa.

Sasa hilo tawi. Aliyewahi kutega mtego wa ufito anajua kwamba ufito uliopindwa umehifadhi nguvu yote ya mkono uliouinamisha. Hapo mkono ulioinamisha ni shina zima. Tawi lililopinda lina pande mbili: mgongo wa pindo, ambako nyuzi za mti zimevutwa kama kamba iliyokazwa, na tumbo la pindo, ambako nyuzi zimebanwa. Wewe ulipiga mgongoni, ukakata kamba iliyokazwa, na nguvu yote ikatoka kwa mara moja.

Tawi kama hilo huchongwa tumboni, kwa mapigo mepesi yanayotoa vijipande vyembamba, karibu na mahali lilipopinda zaidi. Unavyoendelea utaliona likilegea na kuinama kidogo kidogo, na mara nyingine utasikia mlio mdogo wa nyuzi. Simama ubavuni mwake, usisimame juu yake wala mahali ambapo lingepita kama lingenyooka ghafla. Likiwa nene kuliko mkono wako, panga si chombo chake. Liache mpaka upate msumeno, au mpaka uzito ulioliinamisha uondolewe na mtu anayeijua kazi hiyo.

Mama Shamba amejibu:

Kaka, nakuongezea habari ya panga lenyewe, kwa kuwa nimelishika miaka mingi na bado nina vidole kumi.

Panga la majani halinaswi kwa sababu ya udhaifu wa mkono wako. Ubapa wake ni mwembamba, hivyo hupenya kwenye mti lakini haupanui jeraha kama kabari ya shoka inavyofanya, na mti unalibana. Dawa yake ni kutopiga wima. Piga kwa kuinamisha, karibu nusu ya pembe mraba, kisha pigo linalofuata litoke upande wa pili likutane na la kwanza, ili kibanzi kiruke na pawepo nafasi. Ukipiga mara mbili na hakuna kibanzi kilichotoka, badilisha pembe, usiongeze nguvu. Pigia theluthi ya mwisho ya ubapa, si ncha, kwa sababu ncha ikikosa tawi huendelea na safari mpaka kwenye goti.

Makali ya majani ni membamba mno kwa mti mkavu, yatapata mapengo. Yanoe kwa tupa, ukiisukuma kuelekea mbele tu bila kuirudisha huku imegusa chuma, na uyaache yawe butu kidogo kwa pembe, nyuzi 25 hadi 30 kila upande. Ukipitisha kidole gumba kwa kukatisha ubapa (kamwe si kwa kuufuata), utahisi kijinywele cha chuma kimegeukia upande wa pili; geuza panga ukiondoe. Kagua na misumari ya mpini. Mpini ukicheza hata kidogo, usianze kazi.

Matawi yakate kuanzia upande wa mizizi ukielekea kileleni, ukipiga upande wa nje wa panda, si ndani ya kwapa la tawi ambako panga hunasa. Shina liwe kati yako na tawi unalolikata. Yale matawi ya chini yaliyolibeba shina kama miguu ya kitanda yaache mpaka mwisho, maana ukilikata moja tu shina linaweza kubiringika.

Kisiki amejibu:

Nakubaliana na wote wawili, ila sitaki swali la shina lipite hivi hivi. Usijaribu kulikata kwa panga. Utamaliza siku na mabega, na mkono uliochoka ndio unaokosa shabaha. Tafuta msumeno wa mkono wenye fremu. Shina lililolala juu ya kitu kwenye ncha zote mbili limebanwa juu na kuvutwa chini, hivyo ukikata kutoka juu peke yake msumeno utanaswa. Ingia juu theluthi moja, kisha malizia kutoka chini. Lililoshikiliwa upande mmoja na kuning'inia upande mwingine ni kinyume chake: anza chini, malizia juu.

Na huo mti uliong'oka na mizizi, tafadhali. Uzito wa shina ndio unaolilaza lile bonge la mizizi na udongo. Shina likikatwa, bonge linaweza kurudi shimoni kwa ghafla na kumfunika yeyote aliye ndani. Mtu asisimame humo, na watoto wasicheze humo, hata kama bado hujakata chochote.

Mwenye Njia amejibu:

Asanteni sana, wakuu, hasa wewe Mama. Mkono umepungua uvimbe, na hakuna waya upande wetu. Leo asubuhi nilinoa kwanza, nikaanza na mti wa juu katika ile miwili, kutoka upande wa mizizi. Vibanzi vinaruka, na panga halijanasa isipokuwa mara mbili, nilipopiga ndani ya panda.

Kulikuwa na tawi jingine lililopinda kama la jana. Nilisimama ubavuni mwake nikalichonga tumboni, kijipande baada ya kijipande, labda mara ishirini. Likalia kidogo, likashuka taratibu mpaka likalala kwenye majani, na mimi nilikuwa bado nimeshikilia pumzi.

Njia sasa inapitika kwa miguu. Mti mkubwa sijaugusa. Nimezungushia matawi shimo la mizizi ili watoto wasiingie, na mwenye msumeno ameahidi kuja keshokutwa.