Tipa: Fuso 6D17, Howo 371 au Scania 113, ipi haisumbui na inabana mafuta?

chumvi_kavu:
Asalam alaykum wanajamvi. Nnataka kununua tipa na nshachoka kuuliza barazani, kila mmoja na lake. Kuna Fuso ya 6D17, kuna Howo 371, na jamaa mwengine anauza Scania 113, ya zamani lakini ukiisikia inavyounguruma unaipenda. Mie shida yangu injini isiyosumbua na isiyobugia mafuta, hasa mafuta, maana ZURA, wadhibiti wa mafuta hapa Zanzibar, wakitangaza bei ya mwezi roho inaniruka. Ipi nichukue? Pesa ipo, nisaidieni kabla haijaliwa.

FundiNozeli:
Waalaykum salam. Kazi gani? Wapi? Tani ngapi? Anaendesha nani? Umekuja kwa daktari unataka dawa na hujasema unaumwa nini.

Mwera_Boy:
Fuso. Tufunge mada.

babu_kifusi:
Haifungwi. Nyie vijana mnahesabu kilomita kwa lita, hiyo hesabu ya gari ya harusi. Tipa unahesabu lita kwa tani. Mie nnaandika kwenye daftari, kila asubuhi najaza tangi mpaka shingoni pampu ile ile. Fuso yangu mjini mpaka Donge na kurudi, kilomita 60 hivi, inakula lita 17 na inaleta tani 7. Howo ya mwanangu njia hiyo hiyo lita 30, inaleta tani 20. Haya gawanya. Fuso kila tani imekula karibu lita mbili na nusu, Howo lita moja na nusu. Sasa nani anabugia?

Mwera_Boy:
Shikamoo babu. Hesabu nzuri lakini hiyo Howo utaiingiza wapi kwenye vichochoro vya Jang'ombe? Mteja anataka mchanga umwagwe mlangoni, hataki kumwagiwa barabarani halafu akodi vijana wa kuuingiza kwa karai. Na siku ukipata oda ya tani 6 unatembeza chuma kitupu.

babu_kifusi:
Marahaba. Siku ya tani 6 nnampigia simu wewe.

Mwera_Boy:
😂😂 haya, nasubiri

papasi_wa_gari:
Kwa uimara hizo zote tatu ni injini za pampu ya kawaida, hazina makompyuta, kwa hiyo hujakosea kuanzia hapo. 6D17 ni lita 8.2, haina turbo ya kusukuma hewa, rahisi na mafundi wameizoea. Howo 371 ni WD615, lita 9.7, na wale wanaoidharau eti Mchina wajue asili yake Steyr ya Austria, Wachina walichukua leseni miaka ya 1980. Hakikisha tu ni ile ya kiwango cha moshi cha Euro 2 maana za baadae zimetiwa umeme. Scania 113 lita 11, na raha yake ni chuma chake.

FundiNozeli:
WD615 kila silinda na hedi yake, yaani kifuniko chake cha juu, gasketi ikiungua unafungua kimoja tu, usiisifu Scania peke yake.

papasi_wa_gari:
Sawa fundi, lakini chuma cha Mswidi ni chuma cha Mswidi.

FundiNozeli:
Haya ya chuma cha Mswidi wapelekee wa barazani.

BintiMkokotoni:
Nasoma nacheka, na mie acha nisimulie yangu mtu asije akaingia mtegoni. Mie na mume wangu tulinunua gari ya komoni reli, jina silitaji maana wenye nazo humu wengi watanivamia. Zile ambazo pampu inajaza bomba moja kwa presha kubwa halafu kompyuta ndo inaamua injekta ifungue lini. Kubana mafuta ilibana, sisemi uongo, na moshi huuoni. Miezi mitano tunakula raha. Kuja masika dereva wetu kapata mtu anauza dizeli ya madumu huko shamba, rahisi kuliko sheli, katia madumu matatu wala hajatwambia. Kufika Mahonda gari imelegea, haivuti, mchanga mgongoni na mvua inapiga. Fundi kaja kafungua filta kamimina ile dizeli kwenye chupa ya maji ya kunywa akaiweka juu ya ukuta, akasema subirini. Dakika kumi, dizeli iko juu na maji yako chini, yamekatika kama mstari wa rula. Nusu ya chupa maji! Injekta zote sita zimekufa. Fundi wetu hana mashine ya kuzipima, zikavushwa Dar, wiki sita tunasubiri, mara hii si yenyewe, mara inataka namba zake ziingizwe kwenye kompyuta na mwenye kile kidude kasafiri. Gari imekaa chini ya mwembe mpaka kuku wakawa wanataga juu ya chesisi, wallahi tumekula mayai ya pale. Injekta moja bei yake ng'ombe, sita hizo ni zizi. Tulipoitengeneza tukaiuza siku ile ile. Sasa nna Fuso kuukuu inatoa moshi kama jiko la kuni lakini kila asubuhi inaondoka.

Mwera_Boy:
Sasa dereva mlimfanyaje?

BintiMkokotoni:
Ni mtoto wa shangazi yake mume wangu. Tungemfanyaje?

FundiNozeli:
Pole dada, lakini kilichoua ni maji, injini haina kosa. Gari kama ile unafungua kikombe cha maji chini ya filta kila siku kabla ya kuwasha, dakika mbili. Na msidhani pampu za zamani zinapenda maji, nazo zinakufa ila polepole. Nozeli, ile ncha ya injekta inayopuliza dizeli, ikiwa nzima ukiipima inapiga ukungu, huoni tone. Ikilika inakojoa, dizeli haiungui yote, ndo huo moshi wako mweusi. Moshi mweusi ni pesa yako inapita juu. Peleka nozeli zipimwe, na angalia filta ya hewa kwanza, vumbi la kifusi linaziba haraka.
Na mwenye mada yuko wapi?

chumvi_kavu:
Samahanini, tulikuwa na msiba. Gari itafanya kazi Pemba, Konde na Micheweni, kokoto na mawe, ndugu yangu ndo dereva. Bajeti mniwie radhi hapa siisemi.

kiumbe_wa_konde:
Pemba!! Siku mbili mnapigana kwa barabara za Unguja tambarare kama meza. Huku kwetu ni kupanda na kushuka, unatoka kilima unaingia bonde. Injini isiyo na turbo ukiipa mawe tani 7 itapanda, lakini kwa gia ya pili na kelele, na hapo ndo mafuta yanapokwenda. WD615 nguvu yake kubwa iko chini, mizunguko 1100 mpaka 1600, haina haja ya kupiga kelele. Ila njia za vijijini nyembamba, hapo namuunga mkono Mwera_Boy. Na mwambie nduguyo akishuka asitie nyutro. Madereva wengi wanadhani wanabana mafuta, kumbe ukiiwacha kwenye gia bila kukanyaga, pampu inakata dizeli, ukitia nyutro injini inaendelea kunywa ya kujiendesha, na breki zinaungua juu yake.
Jengine, maji ya kisima kwenye rejeta. Maji yetu ya mawe ya matumbawe yana chokaa, angalieni sufuria za nyumbani zinavyofanya ganda jeupe ndani. Ganda hilo hilo liko kwenye injini yako. Halafu mtu anasema Fuso zinachemsha.

BintiMkokotoni:
Na hapo kwa maji nna la kujitetea, sisi tunatia ya mvua.

FundiNozeli:
Chumvi_kavu, wacha jina la injini, angalia hiyo uliyoiona. Nenda asubuhi bila ya kumwambia mtu. Weka mkono kwenye injini kabla haijawashwa, ikiwa ya moto basi mwenyewe kaiwasha mapema kuficha kwamba haiwaki baridi. Ikishawaka ikiwa sailensa, yaani inazunguka polepole bila kukanyagwa, fungua kifuniko cha oili kigeuze ukiweke juu ya tundu. Kikitulia sawa. Kikicheza ngoma ringi za pistoni zimekwisha.

chumvi_kavu:
Nimekwenda kuiona ile Fuso pale Amani leo, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Injini ya moto. Mwenyewe ananambia kaendea nayo swala ya alfajiri.

Mwera_Boy:
Tipa?

chumvi_kavu:
Ndo alivyosema. Na kifuniko kilikuwa kinaruka kidogo.

babu_kifusi:
Kidogo kiasi gani? Changu nacho kinaruka mwaka wa nne huu.

kiumbe_wa_konde:
Kabla ya yote ulizia meli ya kubeba magari ya kuja bandari ya Mkoani huku Pemba, na lipimwe urefu. Jamaa yangu alinunua kwanza, bodi likawa refu, likakaa bandarini Malindi, Unguja, likipigwa na chumvi.

papasi_wa_gari:
Ile Scania bado ipo? Naomba namba, kuna mtu wangu anaitaka.